Baridi ya anga za juu haipoozi mitambo bure

NA MWANDISHI WETU

*Kampuni kubwa za teknolojia zinataka kupeleka vituo vya data kwenye obiti, zikisema huko kuna jua lisilotua na baridi isiyolipiwa. Jua lipo kweli. Kuhusu baridi, kanuni iliyojulikana tangu 1879 inadai hesabu nyingine.*

USIKU wa Desemba 14, 2022, wanaanga wawili wa Urusi, Sergey Prokopyev na Dmitri Petelin, walikuwa wamekwisha kuvaa mavazi ya kazi wakisubiri ruhusa ya kutoka nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS. Ruhusa haikuja. Kamera zilikuwa zimenasa kitu kama manyunyu meupe kikifoka ubavuni mwa chombo cha Soyuz MS-22, kilichokuwa kimeungwa na kituo hicho. Manyunyu hayo yalifoka kwa saa kadhaa.

Kilichokuwa kikimwagika ni kimiminika cha kupoozea. Tundu lililokivujisha lilikadiriwa kuwa na upana wa milimita 0.8.

Chombo hicho ndicho kilichowapeleka wawili hao na mwenzao Mmarekani, Frank Rubio, na ndicho kilichopaswa kuwarudisha nyumbani. Bila kipoozaji, joto la ndani lilipanda hadi karibu nyuzijoto 30, na humo hamkuwa na mtu. Wahandisi wakapiga hesabu: watu watatu wakijibana mle, kompyuta za kuongozea zikiwaka, joto na unyevu vingeweza kuwazidi kabla hawajagusa ardhi. Urusi ikarusha Soyuz nyingine, tupu, Februari 24, 2023. Safari iliyopangwa kuchukua miezi 6 ikawa ya siku 371.

Tukumbuke walikokuwa. Nje ya ukuta wa ISS, upande wa kivuli, vitu huweza kupoa hadi nyuzijoto 150 chini ya sifuri. Na bado kilichowatisha wataalamu ni joto.

Kisa hiki kinafaa kusomwa upya wakati huu, kwa sababu kuna wazo linalovuma kutoka Marekani hadi China: majumba ya kompyuta yanayoendesha intaneti na akili mnemba yahamishiwe kwenye obiti. Katika mikutano ya wawekezaji hoja moja hurudiwa bila kuhojiwa, kwamba huko juu kuna baridi, basi kupooza mitambo hakutagharimu kitu. Hoja hiyo ina makosa, na mtu hahitaji shahada ya uhandisi ili ayaone.

Njia tatu, na mbili zimefungwa

Joto husafiri kwa njia tatu. Kwa mpitisho, hupita ndani ya kitu kigumu, kutoka sufuria hadi mkononi kupitia mpini. Kwa myuko, hubebwa na hewa au maji yanayosogea: feni, upepo wa baharini, rejeta ya gari. Kwa mnururisho, husafiri kama mawimbi ya jamii moja na mwanga, na hapo halihitaji hewa, maji wala chuma. Ndivyo joto la jua linavyotufikia kupitia kilomita milioni 150 za utupu.

Njia mbili za kwanza zinahitaji kitu cha kubeba joto. Chombo kilicho kwenye obiti hakigusani na kitu na hakina upepo wa kukipepea. Kimebaki na mnururisho peke yake.

Chupa ya chai iliyo mezani kwa kila mmoja wetu imeundwa kwa elimu hiyohiyo. Ina kuta mbili, na hewa iliyokuwa kati yake imeondolewa; ombwe hilo ndilo linaloiweka chai ikiwa moto hadi jioni. Mskoti James Dewar aliibuni mwaka 1892 ili ahifadhi gesi zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika. Chombo cha angani kimezingirwa na ombwe la namna hiyo kila upande, kwa hiyo joto linalozaliwa ndani yake hubaki ndani, isipokuwa lile linalofaulu kutoka kwa mnururisho.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tunapotaja baridi, sisi wa duniani huwaza hewa baridi inayokunyang'anya joto. Angani hakuna wa kukunyang'anya. Mtu au mtambo hupoa kwa kasi ile tu ambayo ngozi yake inaweza kuangaza joto nje, na kasi hiyo ina kanuni.

> Chombo cha angani kimezingirwa na ombwe kila upande. Joto linalozaliwa ndani yake hubaki ndani, isipokuwa lile linalotoka kwa mnururisho.

Kipimajoto kando ya rangi nyekundu

Mwaka 1800, William Herschel, mwanaastronomia aliyekuwa tayari amegundua sayari ya Uranus, aliupitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembetatu ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto kwenye rangi hizo, na kimoja akakiweka kando ya nyekundu, mahali jicho halioni kitu. Kipimajoto hicho kilipanda kuliko vyote. Alikuwa ameigundua mionzi tunayoiita leo infraredi.

Kila kitu chenye joto huitoa: ukuta, ng'ombe, barafu, msomaji aliyeshika gazeti hili. Isichanganywe na mionzi ya nyuklia, kwani haina uwezo wa kuvunja chembe za mwili. Kitu kinapozidi kuwa cha moto, mawimbi yake hufupika. Mwili wa binadamu huangaza zaidi katika urefu wa wimbi wa takriban mikromita 10, ambao jicho haliufikii. Uso wa jua, wenye nyuzijoto kama 5,500, huangaza zaidi karibu na mikromita 0.5, katikati kabisa ya mwanga tunaouona. Uhusiano huo uliwekwa wazi na Mjerumani Wilhelm Wien mwaka 1893.

Swali la kiasi gani cha joto hutoka lilijibiwa kabla ya hapo. Mwaka 1879, Josef Stefan wa Vienna alipitia vipimo vya wenzake na kuona kwamba nishati inayotoka hufuata kipeo cha nne cha joto. Miaka 5 baadaye mwanafunzi wake, Ludwig Boltzmann, akaithibitisha kwa nadharia. Joto hapa hupimwa kwa Kelvini, kipimo kinachoanzia kwenye sifuri halisi, nyuzijoto 273 chini ya sifuri tuliyoizoea. Ukiliongeza maradufu, nishati inayotoka haiwi mara mbili; inakuwa mara 16.

Kuna sharti moja zaidi. Kanuni hiyo katika ukamilifu wake ni ya gimba jeusi, jina alilolitoa Gustav Kirchhoff mwaka 1860 kwa kitu cha kufikirika kinachomeza mionzi yote inayokifikia. Kirchhoff alionyesha kwamba kinachomeza vizuri ndicho pia kinachotoa vizuri. Vitu halisi hupungukiwa: chuma kilichong'arishwa hutoa sehemu ndogo sana ya kile ambacho gimba jeusi lingetoa, na rangi ya ukutani hutoa kiasi cha asilimia 90.

Sasa hesabu yenyewe. Bapa jeusi lenye ukubwa wa mita moja ya mraba, likiwa na nyuzijoto 20, hutoa wati 418 kwa upande mmoja. Ukizihesabu pande zote mbili, ni wati 836, nguvu isiyofika ile ya pasi ya umeme. Msomaji ashike namba hiyo, tutairudia.

Sakitu ya Limuru na bati la Nairobi

Kanuni hii haikai mbali nasi. Mkulima wa chai wa Limuru au wa viazi wa Kinangop anaijua kwa hasara. Usiku wa Januari wenye anga safi na utulivu, majani huangaza joto lake moja kwa moja kuelekea juu. Wingu likiwepo hulirudisha joto hilo. Lisipokuwepo, majani hupoa kuliko hewa inayoyazunguka, na asubuhi sakitu imeshaunguza shamba, hata kama kipimajoto cha hewa hakikufika sifuri.

Bati jipya linalong'aa nalo lina somo lake. Hurudisha mwanga mwingi wa jua, lakini kwa kuwa ni chuma kitupu hutoa infraredi vibaya, na joto dogo linaloingia hukosa pa kutokea. Bati hilohilo likipakwa rangi nyeupe hufanya kazi mbili kwa pamoja: hukataa mwanga wa jua na huangaza infraredi karibu sawa na gimba jeusi. Kwa jicho ni jeupe, kwa infraredi ni jeusi.

Mwaka 2014, Aaswath Raman, Shanhui Fan na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford waliunda utando wa tabaka nyembamba uliofikisha jambo hili mbali zaidi. Ukiwa juani mchana kweupe, ulipoa hadi nyuzijoto 4.9 chini ya hewa iliyouzunguka, bila umeme wowote. Ulikuwa ukilirusha joto lake angani kupitia dirisha la mawimbi ambayo hewa ya dunia haiyazuii. Kwa miji yetu inayozidi kuwa na joto na nyumba za mabati, mimi naona huu ndio utafiti wa mnururisho uliopaswa kuzungumzwa kwa sauti kubwa kuliko wowote mwingine.

Nataja haya kwa sababu yanaonyesha upande ambao watetezi wa vituo vya obiti wako sahihi. Anga la mbali ni shimo kubwa la kutupia joto. Mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, waliougundua Arno Penzias na Robert Wilson katika miaka ya 1964 na 1965, una joto la Kelvini 2.7 tu. Kwa kanuni ya Stefan, mita ya mraba ya anga hilo hukurudishia chini ya sehemu moja ya elfu ya wati. Unachokirusha huko hakirudi.

Ngomeni ilikuwepo mwanzoni

Pwani ya Kenya ina nafasi yake katika elimu hii, na inasikitisha kwamba watoto wengi wa Malindi humaliza shule bila kuisikia. Katika maji ya Ngomeni, kaskazini mwa mji huo, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la kurushia roketi, San Marco. Hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya Marekani ambayo ilikuwa ya kwanza kabisa duniani kutengwa kwa astronomia ya eksirei, Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru. Ikaitwa Uhuru.

Ngomeni ilichaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta. Mzunguko wa dunia huko huisukuma roketi zaidi, na obiti inayofuata ikweta hukwepa eneo la Atlantiki ya Kusini lenye chembe nyingi zinazovuruga vipimo.

Uhuru ilitazama upande wa pili wa kanuni ya Wien. Gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi huangaza zaidi eksirei kuliko infraredi au mwanga. Setilaiti hiyo iligundua kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi ya namna hiyo, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuchunguza ardhi, Taifa-1, haikurushwa Ngomeni. Iliondokea California, Aprili 15, 2023.

Wanachosema watetezi

Novemba 2025 ulikuwa mwezi wenye habari. Kampuni changa ya Marekani, Starcloud, ilirusha setilaiti ndogo yenye chipu ya Nvidia ya H100, aina inayotumika kufundishia mifumo ya akili mnemba. Siku chache baadaye Google ikatangaza mradi wa Suncatcher: makundi ya setilaiti zenye chipu zake, zikiruka kwa ukaribu mno na kuwasiliana kwa miale ya leza. Mwezi mmoja kabla, Jeff Bezos alikuwa amesema mjini Turin kwamba vituo vya ukubwa wa gigawati vitajengwa angani katika miongo inayokuja. China nayo ilikwisha kurusha setilaiti 12 za kundi lake la kukokotoa data, Mei mwaka huo.

Msukumo unaeleweka. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba vituo vya data vilitumia umeme wa saa-terawati 415 mwaka 2024, takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na kwamba matumizi hayo yatazidi maradufu kufikia 2030. Kwenye obiti inayofuata mstari wa alfajiri na machweo, jua huonekana karibu muda wote. Google inasema paneli iliyo huko inaweza kuzalisha umeme hadi mara 8 kuliko ya duniani.

Hoja yao nzito kuliko zote haisikiki mara nyingi, nami nitaitoa kwa niaba yao kwa sababu inastahili. Jua hutoa wati 1,361 kwa kila mita ya mraba huko juu. Paneli nzuri hugeuza sehemu ya tatu au pungufu kuwa umeme, tuseme wati 400. Umeme huo wote, ukishapita kwenye chipu, huishia kuwa joto. Bapa la kupoozea la mita ya mraba tuliloliona awali hutoa wati zaidi ya 800. Kwa hiyo eneo la rejeta, yaani bapa hilo la kupoozea, halihitaji kufika hata lile la paneli. Anayesema kwamba sayansi inakataza jambo hili amekosea.

Isitoshe, kipeo cha nne huwasaidia. Rejeta ikifanya kazi kwa nyuzijoto 80 badala ya 20, kila upande hutoa wati 880, zaidi ya maradufu. Chipu kuvumilia joto hilo ni suala jingine.

Rejeta halisi ina mabomba

Sasa tuachane na bapa jeusi la karatasini, twende kwenye lile lililoko angani.

ISS ina mfumo mkuu wa kupooza wenye rejeta 6. Kila moja ikikunjuliwa ina urefu wa mita 23.3 na upana wa mita 3.4, imepakwa rangi nyeupe, na ndani yake hupita amonia inayosukumwa na pampu. Zote kwa pamoja zimeundwa kutupa kilowati 70. Gawanya: ni wati 147 kwa kila mita ya mraba ya bapa.

Ile ya karatasini ilitupa 836.

Tofauti hiyo si uzembe wa wahandisi. Rejeta halisi huiona dunia, nayo dunia huirudishia infraredi yake, wastani wa wati 240 kwa mita ya mraba. Kuna nyakati jua huipiga. Kipoozaji chake kina baridi kuliko nyuzijoto 20, kwa hiyo huangaza kidogo. Na waliokisanifu kituo hicho waliacha akiba, kwani humo mnaishi watu.

Kisha kuna uzito. Kila rejeta ina zaidi ya kilo 1,100. Kutupa kilowati moja ya joto kunagharimu kilo zipatazo 96 zilizopandishwa kwa roketi, na hapo hatujahesabu pampu.

> Karatasini, mita ya mraba hutupa wati 836. Kwenye ISS, wati 147.

Watetezi hujibu kwamba rejeta za ISS ni teknolojia ya zamani, kwamba za leo zitakuwa nyembamba na nyepesi, na kwamba setilaiti ndogondogo hupoa kwa urahisi kuliko jumba moja kubwa kwa kuwa uso wake ni mwingi ukilinganisha na ujazo. Haya ni majibu ya haki. Chipu moja kwenye setilaiti ndogo haihitaji mabomba marefu, na Starcloud ilianza hapo.

Ugumu unaanza ukubwa unapoongezeka. Paneli ya jua ni utando mkavu. Kimondo kidogo kikiitoboa, hupoteza kipande kidogo cha umeme na maisha yanaendelea. Rejeta kubwa hubeba kimiminika, na tundu moja huweza kuumaliza mfumo mzima. Baada ya Soyuz MS-22, chombo cha mizigo cha Progress MS-21 kilivuja kipoozaji Februari 2023. Oktoba mwaka huohuo rejeta ya akiba ya moduli ya ISS iitwayo Nauka nayo ikavuja. Ni matukio matatu kwenye kituo kimoja ndani ya mwaka mmoja. Kabla ya hapo, Mei 2013, amonia ilipovuja upande wa Wamarekani, Christopher Cassidy na Thomas Marshburn walitoka nje siku mbili baadaye na kubadilisha pampu. Kituo cha data kisicho na watu hakina Cassidy wala Marshburn.

Google yenyewe, katika tangazo lake, ilitaja udhibiti wa joto miongoni mwa changamoto kubwa zilizobaki, pamoja na mawasiliano na dunia na uimara wa mitambo. Nawaheshimu kwa kusema hivyo. Matangazo ya biashara yaliyofuata kutoka kwa wengine hayakuwa na tahadhari hiyo.

Yapo mengine: wanaastronomia wanaohofia anga kujaa vitu vinavyong'aa, takataka za obiti, setilaiti zinazoungulia hewani zikimaliza muda wake. Utafiti wa Ulaya wa ASCEND, ulioongozwa na Thales Alenia Space, ulitoa matokeo mwaka 2024 ukisema jambo linawezekana, ila ili lipunguze hewa ya ukaa kweli, panahitajika roketi itakayochafua mara 10 pungufu ya za sasa katika maisha yake yote.

Ekari za Olkaria, ekari za obiti

Kwa nini msomaji wa Nakuru au Mombasa ajali? Kwa sababu swali la wapi pa kuweka kompyuta hizi liko mlangoni kwake.

Mei 2024, Microsoft na G42 ya Umoja wa Falme za Kiarabu zilitangaza kituo cha data huko Olkaria, kitakachoendeshwa kwa mvuke wa ardhini, kwa uwekezaji wa awali wa dola bilioni 1. Awamu ya kwanza ilitajwa kuwa ya megawati 100, na ndoto ya baadaye ni gigawati 1. Ukubwa huo haupuuziki: mapema mwaka 2025 kilele cha matumizi ya umeme Kenya nzima kilipita kidogo tu megawati 2,300. Wakazi wa Naivasha wana haki ya kuuliza kuhusu maji pia, kwa sababu vituo vingi vya data hupoozwa kwa kuvukiza maji, ingawa kampuni hizo ziliahidi usanifu wa kuyaokoa.

Mbele ya maswali hayo magumu, ahadi ya obiti huvutia: bila ardhi, bila maji, bila kugombania umeme na viwanda. Basi tuipime kwa kipimo kilekile cha megawati 100.

Kwa bapa jeusi la karatasini, joto hilo linahitaji rejeta ya ekari 29 na nusu. Kwa kiwango kilichothibitishwa na ISS ni ekari 168, zenye uzito wa tani 9,600, hali ISS nzima ina tani zipatazo 420. Google inasema mradi wake utaanza kuingia akilini kibiashara gharama ya kurusha ikishuka hadi dola 200 kwa kilo, pengine katikati ya miaka ya 2030. Kwa bei hiyo ambayo bado haipo, kurusha rejeta peke yake kungegharimu dola bilioni 1.9. Hapo hakuna paneli hata moja, wala chipu.

Rejeta za kesho zitakuwa nyepesi kuliko hizo. Zikipungua uzito mara 5, gharama hiyo hushuka hadi dola milioni 384, na mjadala unakuwa mwingine kabisa. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba gharama hiyo ni sifuri.

Olkaria ina hewa. Hewa hiyo, pamoja na upepo wa Bonde la Ufa, hubeba joto kwa myuko saa 24 bila kurushwa na roketi yoyote, na bomba likitoboka fundi hufika kwa gari. Kwa mizigo ya kawaida ya data, mashirika yetu, hospitali zetu na benki zetu, naona ardhi itaendelea kushinda kwa muda mrefu. Obiti ina nafasi yake halali kwanza kwa data inayozaliwa hukohuko: picha za setilaiti zinazoweza kuchujwa juu, ili kinachoshushwa kiwe taarifa ya mafuriko ya Tana au ukame wa Marsabit badala ya lundo la picha ghafi. Kazi hiyo inahitaji wati chache, na kwa wati chache rejeta ni bapa dogo lisilo na bomba.

Google na mshirika wake, Planet, wamesema watarusha setilaiti mbili za majaribio ifikapo mapema 2027. Wizara ya TEHAMA, Shirika la Anga za Juu la Kenya na yeyote atakayeletewa mkataba wa huduma za kompyuta za obiti wana muda wa kujiandaa. Mkataba huo utaje eneo la rejeta kwa mita za mraba, nyuzijoto zake za kufanyia kazi, uzito wake kwa kila kilowati, na nani anayelipa kipoozaji kikivuja katika mwaka wa tatu.